Jiwe la Mama Kwenye Pengo

Nakiete alikuwa na pengo mdomoni. Jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka, na jipya lilikuwa bado halijaota.

Mlima nao ulikuwa na pengo. Lilikuwa katikati ya vilele viwili, juu kidogo ya nyumba ya akina Nakiete. Watu waliliita Pengo, basi.

Upande wa huku wa Pengo kulikuwa na bonde. Bondeni kulikuwa na migomba, na mashamba ya tangawizi, na moshi wa majiko.

Upande wa kule, njia ilishuka. Ilishuka, ikashuka, ikashuka, mpaka pwani.

Pengo halikuwa juu sana. Hata mbuzi mvivu alifika bila kupumzika.

Kila jioni, upepo wa pwani ulipanda njia ile. Ulipenya Pengoni. Uliteremka bondeni, ukaja moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa akina Nakiete.

*Vuuu!* ulisema upepo.

*Pa!* ulisema mlango. *Pa! Pa!*

Nakiete alikasirika. Alikasirika toka utosini mpaka nyayoni.

"Nyamaza, mlango!" alisema.

"Umewahi kuona mlango wenye masikio?" aliuliza Shangazi Nanzia. Shangazi alikuwa anapepeta maharage.

"Basi nitaupiga teke."

"Upige. Mguu ni wako."

Nakiete akaupiga teke. Mguu ukauma. Akakasirika zaidi.

Zamani mlango ule haukupiga kelele. Zamani jiwe la Mama lilikaa pale chini, likauzuia.

Katika bonde lile, kila mtu mzima alikuwa na jiwe lake. Mwenye jiwe akiwa nyumbani, jiwe liko nyumbani.

Akienda pwani, alilibeba mpaka Pengoni. Aliliweka juu ya mwamba bapa, kisha akashuka na safari yake.

Akirudi, alilichukua tena. Alirudi nalo nyumbani.

Kwa hiyo ukipita Pengoni, uliangalia mwamba tu. Ulijua nani yuko safarini, na nani amesharudi.

Jiwe la Mzee Kajiru lilikuwa kubwa kama boga. Mzee Kajiru alitaka kila mtu ajue kuwa amesafiri.

Jiwe la Bi Naelijwa, muuza vyungu, lilikuwa dogo kama yai. "Nina vyungu kichwani," alisema. "Mnataka nibebe na mlima?"

Jiwe la Baba lilikuwa la kijivu. Lilikuwa kimya, kama Baba.

Na jiwe la Mama lilikuwa jeusi, zito, lenye mstari mweupe kiunoni. Lilikuwa zuri kuliko yote.

Sheria ya mawe ilikuwa moja. Jiwe la mtu haliguswi na mtu mwingine.

Siku moja Mama aliugua. Baba alimpandisha juu ya punda, ampeleke hospitali ya pwani.

Walipofika Pengoni, Mama alisema, "Simameni." Aliliweka jiwe lake juu ya mwamba kwa mikono yake mwenyewe.

"Nikirudi nitalichukua," alimwambia Nakiete, aliyewasindikiza mpaka pale.

Mama hakurudi. Alifariki huko pwani, na akazikwa hukohuko.

Baba alirudi peke yake. Alichukua jiwe lake la kijivu. La Mama aliliacha pale pale, kwa sababu jiwe la mtu haliguswi.

Mvua ikalinyeshea. Jua likalichoma. Mjusi akalifanya kiti.

Na kila jioni, *vuuu*, ulisema upepo. *Pa! Pa!* ulisema mlango.

Nakiete alikasirika. Alikasirika toka utosini mpaka nyayoni.

Msimu wa tangawizi ulipofika, Baba alijiandaa kwenda pwani. Alimpakia punda magunia.

Punda aliitwa Msikivu. Hakuwahi kumsikiliza mtu yeyote.

"Twende, Msikivu," alisema Baba. Msikivu akasimama. "Simama, Msikivu," alisema Baba. Msikivu akaenda.

Nakiete na Shangazi Nanzia waliwasindikiza mpaka Pengoni.

Baba aliweka jiwe lake la kijivu juu ya mwamba. Aliliweka karibu na jiwe la Mama. Hayakugusana, ila karibu.

"Baba," alisema Nakiete, "tulirudishe la Mama nyumbani."

"Haliguswi," alisema Baba.

"Kwa nini?"

"Analichukua aliyeliweka."

"Lakini Mama hawezi kuja!"

Baba alikaza kamba za magunia. Tangu zamani alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu Mama afariki, yalikuwa yamepungua zaidi.

"Nitarudi siku ya soko," alisema. Akashuka na Msikivu, mpaka wakawa wadogo kama siafu.

Nakiete alipiga ardhi kwa mguu. Ulikuwa mguu uleule uliopiga mlango.

Siku ya soko ikafika. Nakiete na Shangazi Nanzia walipanda Pengoni kumpokea Baba.

Mawe yalikuwa yamepangana juu ya mwamba. La Mzee Kajiru, kama boga. La Bi Naelijwa, kama yai. La kijivu la Baba. Na la Mama.

Shangazi alikaa chini, akafungua kitambaa chake cha viazi. Nakiete hakukaa.

Aliyaangalia mawe yale.

"Wewe unarudi nyumbani leo," aliliambia boga.

"Na wewe unarudi leo," aliliambia yai.

"Na wewe pia," aliliambia la kijivu.

Kisha akaliangalia la Mama. Halikuwa na wa kulichukua.

Akaliinua.

"Weka chini!" alisema Shangazi, kiazi kikiwa mdomoni.

"Sitaki!"

"Nakiete! Hilo haliguswi!"

"Kwa nini mengine yote yarudi? Kwa nini hili tu lisirudi?"

Shangazi alimeza kiazi. Watu wazima wakikosa jibu, hupandisha sauti.

"Nimesema weka chini!"

Nakiete akalirudisha juu ya mwamba.

Nakiete alikasirika. Alikasirika toka utosini mpaka nyayoni, na nyayoni hasira ikakosa pa kwenda. Ikapanda tena. Ikafika mikononi.

Akanyoosha mikono yake yote miwili. Akayafagia mawe yale yote.

*Gudu!* La Mzee Kajiru lilianguka.

*Tiki-tiki-tiki!* La Bi Naelijwa likaruka majanini.

*Gudu-gudu, porooo!* Moja upande wa bonde. Jingine upande wa pwani.

Mwamba ukabaki mtupu. Mjusi akakimbia.

Pengoni palikuwa kimya kabisa. Hata upepo ulinyamaza.

"Mungu wangu," alisema Shangazi Nanzia. "Sasa nani yuko safarini, na nani amerudi?"

Nakiete alitazama mwamba ule mtupu. Kisha akawaza, jiwe la Mama liko wapi?

Kabla hajatafuta, sauti zikasikika njiani. Watu wa soko walikuwa wanapanda kutoka pwani.

Wa kwanza alikuwa Mzee Kajiru, na fimbo yake. Nyuma yake alikuja Bi Naelijwa. Vyungu vilikuwa vimeuzwa, na kichwani alikuwa na kikapu cha nazi.

Mzee Kajiru alifika mwambani. Aliangalia kulia. Aliangalia kushoto.

"Jiwe langu liko wapi?"

"Langu je?" aliuliza Bi Naelijwa.

"Nani kayagusa mawe?" Mzee Kajiru aligonga fimbo chini. "Nani?"

Nakiete alitaka kuwa mdogo kama mjusi. Lakini akasema, "Mimi."

"Wewe? Kibogoyo wewe?"

"Mimi si kibogoyo! Ni jino moja tu!"

"Tangu babu wa babu yangu hajatokea mtu wa kuyatupa mawe ya Pengo!"

"Na wewe Mzee punguza kelele," alisema Bi Naelijwa. "Lako si la kupotea. Lile si jiwe, ni nyumba."

"Usinichekeshe! Nimekasirika!"

"Hata mimi nimekasirika! Langu ni dogo kama yai, nitalipata wapi kwenye majani yote haya?"

"Mimi nimekasirika kuwashinda!" alisema Shangazi Nanzia. "Viazi vyangu vimeingia mchanga!"

Basi Pengoni kila mtu alikuwa amekasirika.

"Yatafute," alisema Mzee Kajiru. "Ulivyoyatupa, ndivyo utakavyoyatafuta."

Nakiete akapiga magoti.

La kwanza kuonekana lilikuwa la Baba, la kijivu. Lilikuwa kwenye kichaka cha miiba. Mwiba ulimchoma, lakini hakuliachia. Alilirudisha mwambani.

Kisha likaonekana la Mzee Kajiru. Lilikuwa mtaroni. Nakiete alilisukuma kwa mgongo, *hiii, hiii*, mpaka Mzee Kajiru mwenyewe akachoka kumtazama.

"Lete, lete, utavunjika," alinung'unika. Akalibeba.

La Bi Naelijwa lilitafutwa na wote wanne. Walitambaa majanini kama mbuzi.

"Hili?"

"Hilo ni jiwe tu. Langu lina doa."

"Hili?"

"Hilo ni mavi ya mbuzi, Mzee Kajiru."

Bi Naelijwa alianza kucheka. Shangazi naye akacheka. Mzee Kajiru alijifuta vidole. Hakucheka.

Nakiete ndiye aliyeliona, chini ya jani pana. Lilikuwa na doa.

Mawe ya watu wengine yalipatikana yote. La Mama halikupatikana.

Nakiete alitafuta chini ya miiba. Alitafuta mtaroni. Aliinua kila jani.

"Jeusi," alisema. "Lenye mstari mweupe. Mmeliona?"

Hakuna aliyeliona.

Nakiete alisimama katikati ya Pengo. Upande wa huku, bonde. Upande wa kule, njia ilishuka, ikashuka, ikashuka.

Alitaka jiwe lile lirudi nyumbani. Na sasa alikuwa amelitupa yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Hakulia. Alikuwa amekasirika mno, machozi hayakupata nafasi.

*Kwato, kwato, kwato.*

Msikivu alikuwa anapanda njia ya pwani. Nyuma yake alikuwa Baba.

Kwa kawaida Baba alishika kamba ya Msikivu kwa mkono wa kulia. Leo aliishika kwa kushoto.

Mkono wa kulia ulikuwa umekumbatia kitu kifuani. Kitu cheusi, chenye mstari mweupe.

"Nimelikuta njiani," alisema Baba. "Huko chini, kwenye majani ya kona."

Aliangalia mwamba. Akaangalia watu. "Limefikaje kule?"

Mzee Kajiru alifungua mdomo. Shangazi Nanzia alimkanyaga mguu.

"Nimelitupa mimi," alisema Nakiete. "Nimeyatupa yote."

Baba aliiachia kamba ya Msikivu. Akatembea mpaka mwambani. Akaliinua jiwe la Mama alirudishe mahali pake.

Mkono wake ulifika juu ya mwamba. Lakini haukufunguka.

Wote walisubiri. Mkono haukufunguka.

"Baba," aliuliza Nakiete, "umekasirika?"

"Nimekasirika."

"Umenikasirikia mimi?"

"Wewe, kidogo."

"Na nani mwingine?"

Baba aliangalia njia ya pwani. Alifikiri, kama mtu anayepima nguo kabla ya kuikata.

"Njia hii," alisema. "Nilimshusha hapa, sikumpandisha. Na upepo huu, unaokuja kila jioni kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mlango ule."

"Unausikia mlango?" aliuliza Nakiete.

"Kila siku."

"Mbona husemi?"

"Nilidhani umelala."

"Na mimi nilidhani umelala wewe!"

Baba alimtazama binti yake.

"Nataka kupiga kelele," alisema Nakiete.

"Piga."

Nakiete aligeukia pwani. Akavuta pumzi mpaka tumboni.

"NIMEKASIRIKAAAA!"

Sauti ilipita kwenye pengo la jino. Ikapita kwenye Pengo la mlima. Ikashuka, ikashuka, ikashuka.

Kisha jambo jingine likatokea. Baba, mtu wa maneno machache, alifungua mdomo wake.

"NIMEKASIRIKAAAA!"

Ndege waliruka kutoka kwenye miti. Bi Naelijwa alishika nazi zake.

"HIII-HOOO!" alisema Msikivu. Hakuna aliyemwambia.

Walipiga kelele, Baba na Nakiete na punda, mpaka koo zikakauka. Ndipo machozi yakapata nafasi. Yalimtoka Nakiete. Na Baba naye yalimtoka.

Shangazi Nanzia aliwapa kitambaa cha viazi wajifute. Kilikuwa na mchanga, lakini walijifuta.

"Mzee Kajiru," alisema Baba, "naomba kulipeleka jiwe hili nyumbani."

Mzee Kajiru alikunja uso.

"Jiwe la mtu haliguswi," alisema. "Analichukua aliyeliweka. Mimi siwezi kukaa hapa nikatazama jambo kama hilo likifanyika. Siwezi!"

Akaguna. Akachomeka fimbo chini. Akageuka, akawapa mgongo, akatazama kilele cha mlima.

"Sitazami," alisema.

Bi Naelijwa alimwangalia. Kisha naye akageuka. "Hata mimi sioni kitu. Kikapu kimeniziba macho."

"Mimi nahesabu mawingu," alisema Shangazi Nanzia. Akageuka.

Ikabaki migongo mitatu na punda mmoja. Baba alimshika punda kichwa, akamgeuza naye.

Mara hii Msikivu alisikiliza.

Baba akainama. Akaliweka jiwe la Mama mikononi mwa Nakiete.

Lilikuwa zito. Lilikuwa na joto la kifua cha Baba.

"Utaliweza?"

"Nitaliweza."

Baba alichukua la kijivu, lake. Wakaanza kushuka bondeni.

Nyuma yao Mzee Kajiru aliuliza, "Wameshaondoka? Shingo inaniuma."

Nakiete alitembea, akapumzika. Alitembea, akapumzika.

"Nikupokee?"

"Sitaki."

Baba hakumpokea. Alipunguza mwendo tu. Nakiete akipumzika, naye alipumzika.

Walifika nyumbani jua likizama. Shangazi Nanzia, aliyewafuata na Msikivu, akawasha moto. Walikula ugali na maharage ya nazi, nazi ya Bi Naelijwa.

Kisha Nakiete alilibeba jiwe la Mama mpaka mlangoni. Akalisukuma mahali pake. Pale chini, kwenye udongo, shimo lake dogo lilikuwa bado linalisubiri.

Baba alitandika mkeka. Nakiete akalala, kanga ya Mama ikimfunika mpaka shingoni.

Wakasikiliza.

*Vuuu!* ulisema upepo. Ulikuwa umepanda kutoka pwani. Ulikuwa umepenya Pengoni. Ulisukuma mlango kwa nguvu zake zote.

Mlango haukusema kitu.

*Vuuu?* ulisema upepo.

Mlango haukusema kitu.

"Baba," aliita Nakiete.

"Naam."

"Bado nimekasirika. Sasa hasira imebaki nyayoni."

"Mimi bado iko kifuani."

"Itaisha lini?"

"Sijui, mwanangu."

Nakiete alifikiri. Ulimi wake uligusa pengo la jino. Pale katikati palikuwa na kitu kidogo, kigumu. Jino jipya lilikuwa linachungulia.

"Na hasira ikipanda tena usiku?"

"Usikasirike peke yako," alisema Baba. "Niamshe."

"Na wewe ukikasirika?"

"Nitakuamsha."

Nakiete alicheka kidogo. Akajigeuza, akatazama mlango. Jiwe la Mama lilikuwa pale, jeusi, na mstari wake mweupe ulikuwa unang'aa kwa mwanga wa moto.

Nje, upepo ulizunguka nyumba mara moja. Ukachoka. Ukaenda kulala kwenye migomba.

Nakiete naye akalala, toka utosini mpaka nyayoni.